Hodi Nyumbani kwa Mpiga Pasi

Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Maana yake ni kwamba gogo, hata likiwa la mti wa thamani na limenyooka kama mstari, litabaki pale lilipoangukia mpaka watu walitilie magongo chini yake na kulisukuma. Binadamu naye ni vivyo hivyo. Kipaji ni chake, lakini mwendo wake una mikono ya wenzake ndani yake. Wapo wanaolipinga jambo hili. Hao huwa na methali yao mfukoni, kizuri chajiuza, na aghalabu huitoa wakiwa wao wenyewe wameshauza. Mmoja wao alikuwa kinyozi.

Kinyozi huyo alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, chenye viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu na benchi la kusubiria. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Vituko vyote vilivyosemwa kitini mwake aliviandika kwenye blogu, na watu walivisoma wakicheka hadi machozi.

Blogu hiyo ilikuwa katika jukwaa la mtandaoni ambalo wanachama wake waliliita Mtaa. Blogu ya kila mmoja iliitwa nyumba, wenyewe wakaitana majirani, na kuacha maoni chini ya andiko la mtu kuliitwa kupiga hodi. Desturi ilikuwa nipigie hodi nami nikupigie. Nyumba iliyopigiwa hodi nyingi wiki baada ya wiki ilipandishwa ukurasa wa mbele, ambako wageni wote walianzia. Ilikuwa desturi nzuri, ila desturi nzuri ikiangukia mikononi mwa watu wenye haraka huharibika upesi. Majirani wengi waliacha kusoma kabisa. Walipita nyumba hadi nyumba kama watoto wanaobonyeza kengele na kukimbia.

Kinyozi aliujua mchezo huo kuliko wote. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, alinakili hodi moja na kuibandika kila alikopita: "Hodi jirani! Kazi safi, umenifurahisha sana. Pita na kwangu tucheke." Nyumba yake haikushuka kutoka ukurasa wa mbele hata siku moja, naye aliamini kwa dhati kwamba ni utamu wa kalamu yake tu.

Ijumaa moja asubuhi, shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyeuza dawa katika duka la jirani, aliingia pale kinyozini bila salamu.

"Shemeji, hebu niambie. Hayo macho unaona nayo, au umeyavaa kama mapambo?"

"Makubwa! Leo nimekosa nini tena? Dada yako amenishtaki?"

"Dada yangu hana habari. Nakuuliza, jana ulipiga hodi kwa Mpiga Pasi?"

"Nilipiga kwa wengi. Ndiye nani huyo?"

Shemeji alimkabidhi simu. "Soma. Soma yote, usirukeruke."

Mpiga Pasi alikuwa mwanamke aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya pale mjini. Andiko lake lilieleza jinsi mashuka yalivyoshushwa kutoka wodini siku ile, akayapokea yakiwa yamefuliwa na kukaushwa, akayapiga pasi moja baada ya jingine kama kawaida. Katikati ya rundo akakutana na shuka lenye kiraka alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi wa buluu, siku uzi mweupe ulipokwisha. Lilikuwa shuka la kitanda cha mama yake. Wiki nzima alikuwa akilitandika kwa mkono wake kila alipopanda kumwona. Shuka limeshuka, mama hakushuka nalo. Akalipiga pasi, akalikunja, akaliweka juu ya rundo, kwa sababu kitanda kilikuwa tayari kina mgonjwa mwingine.

Chini ya andiko hilo palikuwa na hodi moja tu. "Hodi jirani! Kazi safi, umenifurahisha sana. Pita na kwangu tucheke." Na mwenye nyumba alijibu: "Ahsante, jirani. Nimempoteza mama, lakini karibu."

 Kinyozi aliona aibu, aibu ile ya kutamani sakafu ipasuke.

"Sikusoma," alisema kwa sauti ndogo.

"Hilo najua. Sasa soma na la leo."

La leo lilikuwa fupi. Mpiga Pasi aliandika kwamba Jumapili jioni angefunga nyumba yake na kufuta yote yaliyomo. Hakugombana na mtu, alisema. Amechoka tu kusema na ukuta. Na yote hayo, shemeji alieleza, yalikuwa maandishi ya miaka, kuhusu wagonjwa, manesi na mvuke wa kule chini, na hakuwa na nakala nyingine popote.

Kinyozi alijikuna shingo. Kiburi ni kama kupe, hakitoki kwa kuvutwa mara moja. "Lakini shemeji, tuseme ukweli. Kizuri chajiuza. Kama ni mzuri, mbona hana watu?"

"Hicho ulichosoma si kizuri?"

Kinyozi alimrudishia simu. Kilikuwa kizuri kuliko chochote alichowahi kuandika yeye, naye alilijua hilo, na lilimuuma. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba kitu kama hicho kingefutwa, na hodi ya mwisho mlangoni iwe ile yake.

Kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kuandika tangazo katika nyumba yake: "Majirani, jirani yetu Mpiga Pasi anataka kufunga. Nendeni mkampigie hodi, tena kwa wingi!" Wasomaji wake walikuwa watu watiifu. Walimiminika. Hodi zikarundikana hata ukurasa ukawa mzito kufunguka, na kinyozi akasugua viganja.

"Umeona?" alimpigia simu shemeji yake. "Nimemwokoa."

"Umezisoma hizo hodi?"

Hakuwa amezisoma. Alizisoma sasa, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kazi safi. Umetisha. Pita na kwangu nina mapishi. Mmoja, chini ya habari ya msiba, alikuwa ameandika: "Hongera sana, uendelee hivyo hivyo." Na chini kabisa mwenye nyumba alikuwa amejibu wote kwa pamoja: "Leo wamepita wengi kama mvua juu ya bati. Kelele tele, ndani pakavu. Nashukuru kwa nia. Sitangoja Jumapili. Nitafunga kesho nikitoka kazini."

"Shemeji," ile sauti ya simu ilisema taratibu, bila utani safari hii, "umempelekea wapita njia. Yeye alihitaji wa kuketi."

Jumamosi kinyozini hujaa. Benchi lilikuwa limefurika, redio ikipiga kelele, na kitini alikaa fundi bomba, kichwa kimoja kikubwa kama boga, nusu yake imeshanyolewa. Kinyozi alitazama kwenye kioo watu waliokuwa nyuma yake. Wote walikuwa wameketi. Hakuna aliyeweza kwenda popote mpaka zamu yake ifike. Alizima mashine, kisha akazima redio.

"Jamani, leo sina kituko. Nina kitu nataka niwasomee, mwenyewe atakifuta leo akitoka kazini."

"Soma huku unanyoa, bwana," alilalamika kijana aliyevaa suti. "Mimi nina harusi!"

"Ya kwako?"

"Ya rafiki yangu."

"Basi bibi harusi hatakukosa. Tulia."

Akawasomea. Alizoea kusoma kwa mbwembwe, lakini haya hayakutaka mbwembwe, yalitaka mtu ayaache yapite. Alipofika kwenye uzi wa buluu alirudi nyuma akausoma mstari huo upya. 

Alipomaliza, fundi bomba ndiye aliyeanza kusema. "Mimi nimelala hospitali hiyo hiyo. Wodi ya mifupa, mguu umening'inizwa. Mashuka yalikuwa yanakuja asubuhi, bado yana joto kidogo. Ndilo jambo zuri pekee la siku nzima. Wallahi sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu nyuma yake."

"Ngoja," kinyozi alisema, vidole tayari vikicheza juu ya simu. "Rudia hapo kwenye joto."

Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi nina swali. Aliwezaje kulirudisha? Ningekuwa mimi ningelificha, niende nalo nyumbani."

"Na huyo mgonjwa mwingine alale juu ya nini?" aliruka kijana wa suti. "Alifanya haki!"

"Haki ipi? We umeshafiwa na mama?"

"Sijafiwa, lakini…"

"Basi nyamaza, mwanangu."

Wakabishana. Walibishana kama watu wanaomjua Mpiga Pasi, kama vile amekaa nao kwenye benchi lile. Kinyozi aliandika kila neno na msemaji wake, katika hodi moja ndefu nyumbani kwa Mpiga Pasi: fundi bomba amesema hivi, mama huyu anauliza hivi, kijana anapinga. Mwisho akaongeza la kwake: "Mimi ndiye niliyekuambia umenifurahisha. Sikuwa nimesoma. Nisamehe, dada. Leo nimekusoma kwa sauti mbele ya watu."

Jibu halikuja. Kinyozi alijaribu kuendelea na kazi akashindwa, akawa anaiwasha mashine na kuizima. Fundi bomba hakudai nusu ya kichwa chake iliyobaki. Yule kijana wa suti alisahau harusi. Kila mmoja sasa alijua saa ngapi watu wa hospitali hutoka kazini, na hakuna aliyetaka kuondoka kabla.

Simu ilipolia, wote waliinama juu yake.

"Fundi bomba," Mpiga Pasi alikuwa ameandika, "wodi ya mifupa huwa naitanguliza kwa sababu wale hawawezi kugeuka, na shuka baridi huwashtua. Mguu ulipona?"

Fundi bomba aliinuka na kitambaa chake shingoni, nywele upande mmoja tu, akaukunja na kuukunjua mguu mbele ya simu kana kwamba simu ina macho. "Mwambie umepona! Mwambie napanda ngazi kama ngedere!"

Likafuata jibu la pili. "Mama, ulivyouliza ndivyo nilivyotaka kufanya. Nililishika mpaka pasi ikapoa, ikabidi niipashe moto tena. Hilo sikuliandika kwa kuwa sikudhani kuna mtu angetaka kulijua."

Yule mama alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Jioni shemeji alifunga duka lake la dawa akaja mbio, akakuta kinyozi na mkewe na nusu ya benchi bado wapo. Walifungua nyumba ya Mpiga Pasi wakiwa na hofu mioyoni. Ilikuwepo. Hakuna kilichofutwa, na juu palikuwa na mistari mipya: "Nilikuja kufunga. Lakini leo nimeulizwa swali, na tangu nianze kuandika sijawahi kuulizwa swali. Jibu lake ni refu. Nipeni muda niliandike."

Toka siku hiyo, kila Jumamosi redio ya pale kinyozini ilizimwa, likasomwa andiko la jirani asiyejulikana, na benchi likabishana. Zile hodi za kunakili kinyozi aliziacha. Akisoma nyumba tatu kwa wiki, alisoma tatu kwelikweli. Kwa hiyo hodi zake zilipungua, nazo zilizomrudia zikapungua, mpaka siku moja nyumba yake ikashuka kutoka ukurasa wa mbele. Aliumia kidogo, tusidanganyane. Mpiga Pasi naye, badala ya kujisifia wasomaji wake waliokuwa wakiongezeka, aliwaongoza kwa mlinzi wa shule aliyeandika mashairi bila msomaji hata mmoja, akataja beti anazozipenda na sababu zake.

Ile siku nyumba ya Mpiga Pasi ilipopanda ukurasa wa mbele, shemeji hakuweza kujizuia. "Haya, shemeji, si ulisema kizuri chajiuza? Umeona, kimejiuza!"

Kinyozi alizima mashine. "Shemeji, kilikuwa kizuri hivi hivi siku ile kilipokuwa na hodi moja, nayo ya mpumbavu. Uzuri wake haukuongezeka. Ni sisi tulioinama tukasukuma."

Naam, wahenga hawakukosea: mti hauendi ila kwa nyenzo.