Treni ya Posa

Haya, ninyi wa huko nyuma, amkeni! Leo nawapa mfano wa moto, mkitoka hapa mtausimulia mpaka kwa mbuzi.

Kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa vitreni. Mnavijua? Vile vya plastiki, vinakuja vipande vipande kwenye boksi, unaunganisha kwa gundi mpaka unapata behewa la kukaa kiganjani. Mikono ile, ndugu zangu! Ungempa kijiti cha kiberiti angekutolea stesheni nzima, na abiria humo ndani wanagombania viti!

Basi kijana akampenda binti mmoja. Akapenda mpaka ugali ukawa hauna ladha. Baba wa binti alikuwa gadi wa treni ya mizigo, lakini sasa macho yamezima kabisa. Mshenga alipopeleka posa, mzee akasema, "Mahari tutaongea baadaye. Nasikia ni fundi wa vitreni, basi kwanza aniundie treni yangu. Behewa la ng'ombe, la mkonge, la mafuta, la makaa. Yote niliyosafiri nayo."

Kijana akaruka juu! Kazi ndogo hiyo! Lakini dukani akakuta maboksi ya aina moja tu, behewa la kufunikwa. Ilibidi kila moja ligeuzwe: hili litolewe paa, hili litobolewe ubavuni ng'ombe wapumue, hili livuliwe lote liwekwe tangi. Akaanza na la makaa. Kisu kikateleza, ubavu ukabonyea, gundi ikavimba kama jipu. Akalitupia mfukoni mwa koti. Mengine akayapiga rangi tu, yakang'aa mpaka majirani wanakuja kuchania nywele mbele yake!

Mshenga akauliza, "Kaka, hili la ng'ombe na hili la mafuta si behewa lile lile?"

"Wenye macho wataona rangi. Mzee haoni, nitamtajia tu. Atabisha na nini?"

Mmemsikia? Atabisha na nini!

Siku ikafika. Mashangazi wamejaa sebuleni, treni ikawekwa mezani, vigelegele bati litake kung'oka. Binti yuko nyuma ya pazia, anachungulia. Mzee akanyoosha mikono.

"Hilo la ng'ombe, baba," kijana akasema.

Vidole vikapita juu, vikapita ubavuni.

"Hilo la mkonge. Na hilo la mafuta."

Vidole vikasimama.

"Kijana, mbona umeniletea behewa moja mara tatu?"

Jasho likamtoka la kujaza pipa. "Baba, rangi zake..."

"Rangi ndiyo nini? La makaa liko wapi?"

Mshenga akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la kijana. Kijana akamshika, "Hilo hapana!" Mshenga akamponyoka, akalitoa. Mzee akalipapasa. Paa hakuna. Ubavu umebonyea. Akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yale yale yaliyozima!

"Hili hapa! Makaa yaliligonga hivi hivi! Nani kalitengeneza?"

"Mimi, baba."

"Kumbe unaweza! Nenda ukayakate na mengine, ndipo uje. Mwanangu hakai na mtu wa kupaka rangi tu."

Sasa sisi! Sisi si ndio mafundi wa rangi? Shati jeupe Jumapili, amina ya kupasua dari, nyumbani mke anasikia mlango na moyo unamruka kwa hofu. Boksi lile lile! Tunadhani kwa vile hatumwoni Mungu, basi naye hatuoni? Ndugu yangu, Mungu hatazami, anapapasa! Mkono wake ukikupita leo, utakuta nini chini ya rangi? Pale ulipokatwa, ukalia, ukaomba msamaha na sauti inatetemeka, pale unapopaficha mfukoni kwa aibu, hapo ndipo atakapocheka aseme, "Hili hapa!"

Toeni mifukoni, jamani. Toeni!