Fukizo la Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vibaraza vyao na vikao vyao kama sisi, alikuwepo Tembo mmoja mkorofi, mkorofi kweli kweli. Mnisamehe, wanangu, hadithi hii kila nikiisimulia hunipandisha hasira.

Tembo huyo kazi yake ilikuwa kuvunja maghala. Anakuja mchana kweupe, hapigi hodi, puu! ukuta chini, anakula mtama wa watu. Nyumba ya Bi Digidigi aliibomoa mtoto akiwa ndani, mtoto akavunjika mguu. Likabaki ghala moja tu kijijini, la Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto watano. Likienda hilo, wale watoto wangekula nini mpaka mavuno? Mawe?

Kikao kikaitwa. Na viti vya mbele vilikaliwa na nani? Nyati na Kifaru, nani mwingine!

"Dawa ya Tembo ni mkuki," akanguruma Nyati. "Mkuki mrefu kuliko mnazi!"

"Na ngoma," akasema Kifaru. "Ngoma kubwa kama nyumba. Akiisikia tu, anazimia."

Bi Nguchiro akanyoosha mkono. "Wakubwa zangu, huyu Tembo mimi nimemchungulia. Bustanini kwangu alikula mabiringanya, akala mchicha, akala hata miti ya ua. Lakini tuta la pilipili alilizunguka, mkonga kauinua juu. Ngozi yake mkuki haupiti. Ila pua yake..."

"Pilipili!" Nyati akapiga meza. "Pilipili ni ya mchuzi, mama! Hapa tunazungumzia vita. Rudi jikoni!"

Wakacheka, kha kha kha! Hebu niambieni, kuna haki hapo? Aliyemtazama Tembo kwa macho yake anafukuzwa, na wasiowahi hata kumsogelea ndio wanaopanga!

Basi wanyama wadogo wakatumikishwa siku nne. Wakakata miti, wakachonga, wakawamba ngoma, migongo inawauma. Nyati na Kifaru wamekaa kivulini, "Ongezeni urefu! Ongezeni upana!"

Alasiri ya siku ya tano ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Tembo huyo!

Nyati akaukamata mkuki. Haukunyanyuka. Wameurefusha mno, hata yeye mwenyewe ulimshinda! Akaubwaga chini, akatimua mbio. Kifaru akapiga ngoma mara moja, du! Tembo akaipenda, akaikalia. Paa! Ngoma ikapasuka. Kifaru naye akamfuata mwenzake kichakani, wakalala kifudifudi.

Bi Nguchiro aliwaona wakikimbia. Aliogopa, nani asingeogopa? Lakini hasira ilizidi woga. Akawafungia watoto ndani, akarusha unyoya juu kutazama upepo. Ukapeperuka kuelekea njiani anakotokea Tembo. Vizuri. Akachukua chetezo chake cha kufukizia wageni, akatia makaa, na badala ya udi akatia pilipili kavu, konzi nzima. Akakifunika kwa kifuu, akasimama mlangoni.

"Karibu, Bwana Tembo! Karibu sana!"

Tembo akasimama ghafla. "Umesemaje?"

"Nimesema karibu."

"Mimi? Kijiji hiki tangu lini kimenikaribisha?"

"Ndiyo aibu yetu hiyo, Bwana. Mgeni mkubwa kama wewe aingie bila kufukizwa? Wengine tunawafukiza nguo. Wewe nguo huna, basi lete pua."

Tembo akavimba kichwa. Akapiga hatua.

"Sogea, Bwana. Bado. Sogea tena." Alimngoja mpaka mkonga ukafika juu ya chetezo.

"Udi gani huu, mama?"

"Udi wa wakubwa. Ukivuta kidogo husikii kitu. Vuta wote!"

Akafunua kifuu. Tembo akavuta: fyuuuuu!

Macho yakamtoka pima.

"Chyaaa! Chyaaa! Mama yangu weee! Pua yangu! Nawaka!" Akageuka, akakimbilia mtoni, akapitiliza mto, na kijijini hapo hakurudi tena.

Kidogo tu, wakatokea Nyati na Kifaru, vifua mbele, majani yamewaganda usoni.

"Mmeona?" Nyati akatamba. "Mkuki wetu umemtia kiwewe!"

"Ngoma, bwana, ngoma ile," akasema Kifaru. "Mama, tumepigana tumechoka. Tupikie uji wa ule mtama wako. Walinzi lazima wale."

Uji! Wa mtama ule ule! Mimi hapo ningewatandika mwiko.

Bi Nguchiro akatabasamu tu. "Karibuni, mashujaa. Lakini wageni kwangu hufukizwa kwanza, si mnajua desturi?"

Kumbe walipokuwa wamelala kifudifudi hawakuona chetezo kilimfanya nini Tembo. Wakasukumana, kila mmoja anataka awe wa kwanza. Bi Nguchiro akaongeza konzi, akafunua. Fyuuu!

"Chyaaa! Basi, mama, basi!" akalia Nyati. "Hatukupigana! Tulikuwa... chyaa!... kichakani!"

"Mimi nilifumba macho!" akalia Kifaru. "Chyaaa! Sikuona chochote!"

Kijiji kizima kikasikia. Bi Digidigi akawasogelea, kambeba mwanawe mwenye mguu uliofungwa vijiti.

"Kesho tuna kikao," akasema. "Vile viti vya mbele vya nani?"

Walibaki kupiga chafya tu, na Bi Nguchiro akaingia ndani kuwakorogea wanawe uji.

Nami naishia hapo, nikanywe maji. Ila shikeni hili: silaha huchaguliwa kwa kumchunguza adui, si kwa kumsikiliza mwenye sauti kubwa kikaoni.