Sahani za Kitongo

Nchi ya Kitongo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya kwako, anayekuombea afya ni raia wa nchi jirani. Vita vilipowaka, Jemadari Gambera wa nchi jirani ya Dumbwe alituma neno: mchele wote wa Kitongo, la sivyo Ijumaa anaivamia. Mawaziri wakaugua ghafla. Akatumwa Mwasiti, mwenye digrii ya diplomasia na uzoefu wa kukaa kibarazani bila kazi.

“Mchele utaupata, afande,” alisema. “Ila uitwe msaada, official kabisa, na tuupike wenyewe. Pilau, kila nyumba ya askari wako.”

Jemadari akacheka. “Kumbe digrii yako ni ya upishi?”

“Ingekuwa ya upishi, ningekuwa na kazi.”

Pilau ikaenda Dumbwe kwenye sahani za maua, imefunikwa kawa. Jemadari akala, akalamba vidole, na Ijumaa akaamuru uvamizi vilevile.

Mwasiti alisimama mpakani peke yake. Jeshi likavuka kweli. Lakini hakuna mama wa Dumbwe aliyemruhusu mwanawe aende Kitongo bila kurudisha sahani ya watu, na kwao kurudisha sahani tupu ni aibu. Askari walikuja na maandazi, visheti na kaimati. Bunduki zilibaki nyumbani, maana sahani iliyojaa hubebwa kwa mikono miwili.

Nyuma kabisa alikuja Jemadari na sahani yake, mama yake akimchunga asimwage.

“Hodi,” alinong'ona.

“Karibu, afande. Jumapili tunapika biriani.”