Njuka Pimbi na Shimo la Mia Moja

Nikibisha hodi, mnafungua?
— Tunafungua!
Nikiingia na uongo mkononi?
— Mpe kiti akae!

Basi, asiyeniamini anyooshe mkono sasa hivi. Wewe pale? Shusha. Wapo wenye vyeti vyao walionibishia, wakaenda wenyewe kulitazama hilo shimo, wakarudi kimya. Mimi cheti sina. Habari ninayo.

Zamani, si zamani sana, wanyama walikuwa na chuo, na chuoni kulikuwa na chama kinaitwa Udugu wa Shimo. Ukiwa Ndugu unakula kwanza, unalala kivulini, unaitwa kaka. Usipokuwa Ndugu huna jina, wewe ni njuka tu, mgeni wa mwaka wa kwanza. Mkuu wa Udugu alikuwa Ngiri: meno nje, shingo kama gogo, akikimbia mkia juu kama bendera. Na tumbo lake halijawahi kusema asante.

Mwaka huo akaja Pimbi, mdogo kama kiatu, mkia hata wa kuazima hana. Mama yake alikuwa amemfungia gunia la viazi vitamu.

"Viazi vya nani hivyo?" akauliza Ngiri.

"Vyangu, kaka."

"Vya nani?"

"Vyako, Kaka Mkuu."

Kwachu, kwachu, kwachu. Vikaliwa.

Pimbi akaambiwa apime uwanja kwa njiti ya kiberiti. Akapima. Akaambiwa alipulize jua mpaka lizime. Akapuliza, fuu, fuu, mpaka kichwa kikamzunguka. Njuka wenzake kumi na mmoja wakapima, wakapuliza. Ngiri akacheka, nkho, nkho! "Nyie mnadekezwa! Sisi enzi zetu tulipima kwa unywele!"

Hayo Pimbi aliyavumilia. Lililomnyima raha ni shimo lenyewe.

Kila njuka aliingizwa humo peke yake, mlango ukazibwa kwa jiwe, na Ndugu wakahesabu mpaka mia. Ukitoa sauti yoyote, hesabu inaanza upya. Mwaka uliopita Digidigi alipaliwa na vumbi. Akakohoa. Moja, mbili, tatu. Akakohoa tena. Moja, mbili, tatu. Chakula kikaiva, Ndugu wakaenda kula, wakasahau. Kesho yake jiwe lilipoondolewa, Digidigi alikuwa ametulia sana. Wakasema amerudi kwao.

Na Pimbi, mnisikilize, alikuwa na kikohozi tangu utotoni.

Asubuhi ya siku yenyewe wakapangwa mstari mbele ya shimo. Kaka wengine walikuwa jikoni wanagombea ukoko. Ngiri alikuwa peke yake, tumbo mbele.

"Njuka wa kwanza!"

Pimbi akasogea.

"Kaka Mkuu, naingia. Ila nina aibu. Chuo cha kaka yangu wanaingia shimo kama hili, na hawalii."

"Hilo tu? Sisi tuliingia, hatukulia!"

"Wanaingia na njaa."

"Hilo tu? Sisi tuliingia na njaa ya siku mbili!"

"Wanaingia kichwa mbele."

Ngiri akalitazama shimo kwanza. Maana ngiri wote, tangu kuumbwa kwao, huingia shimoni kinyumenyume. Makalio kwanza, meno mlangoni, adui akija anakutana na meno. Hakuna ngiri anayeingia kichwa mbele. Njuka kumi na mmoja wakamtazama.

"Basi, kaka," akasema Pimbi taratibu, "hilo ni la kule kwao. Hapa tufanye la kwetu, lile jepesi."

"Jepesi?" Ngiri akavimba. "Jepesi nani kasema? We kiatu, tazama hapa!"

Akainama, akasukuma kichwa, akasukuma mabega. Puu! Akazama mzima. Nje ukabaki mkia, nao ukafuata.

Pimbi akawageukia wenzake. "Jiwe."

Hakuna aliyesogea. Mmoja akanong'ona, "Akitoka atatuua."

"Asipoingia yeye, tunaingia sisi. Jiwe!"

Kururu, kururu, di! Likakaa.

"Fungueni!" Sauti ilitoka ndani kama ya mtu aliyefunikwa sufuria. Meno yalikuwa yanachimba ukuta wa mbele, na mlango uko nyuma. Kugeuka hakuna nafasi.

"Moja," akasema Pimbi.

"Nyie njuka, nitawala!"

"Moja."

Ikamchukua Ngiri muda kuelewa. Alipoelewa, akanyamaza. Ishirini. Hamsini. Themanini. Njuka wakaanza kuhema. Pimbi akachukua viazi vya njuka wenzake vilivyobaki katika ghala la Ngiri, akavichoma hapo hapo mlangoni. Tisini na saba, harufu ikapenya chini ya jiwe.

"Nkhooo!" likalia tumbo, au mdomo, nani ajue.

"Moja," akasema Pimbi, akamenya kiazi.

Walihesabu kwa zamu, siku mbili; kaka wengine wakija, wanapewa kiazi, nao wanahesabu. Kila wakikaribia mia, kiazi kinaiva, Ngiri anaguna. Viazi vilipokwisha ndipo wakafika mia. Akatoka amekonda, mkia umelala, akapita katikati yao, akaondoka chuoni. Njuka kumi na wawili wakaitwa kaka siku hiyo hiyo.

Uongo wangu umechoka kukaa?
— Msindikize!
Mlango?
— Uko wazi!

Na funzo lake: enyi njuka, watiini wakubwa zenu. Ukiambiwa ingia, ingia, tena kichwa mbele.

Mbona hamwondoki? Haya, kuna kipande nimekiruka. Mwaka uliofuata wageni walikuja, na aliyewapokea mbele ya shimo, Kaka Mkuu, alikuwa Pimbi. Alisema mia ni ya kudekezana, sasa ni mia mbili. Mimi nilikuwa wa nne kwenye mstari. Nikamwambia wa tano anishikie nafasi, naenda haja ndogo mara moja.

Mpaka leo ananishikia.