Jembe la Mpini Mfupi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Anayesinzia akasinzie kwao.

Hapo kale, njaa ilipopiga kijiji kimoja, Mihambo, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alimwacha mwanawe Shija kwa Nyamizi, mwanamke wa hapo kijijini, akaenda kutafuta riziki. Nyamizi hakuwa hata ndugu. Alimlea. Akamlea, akamlea, mpaka mtoto akamwita mama.

Mvua ikarudi. Mihambo naye huyo, karudi, kajenga ng'ambo ya mto, anamtaka mwanawe. Wazee wa baraza wakasema mtoto ni wa baba, apelekwe fasta. Pombe ilikuwa inawangoja. Enzi hizi wangeiita semina.

Nyamizi hakuamini. Miaka yote hiyo hata salamu hakuleta, leo mtoto kapata nguvu ndiyo kakumbuka kuwa baba? Akamwendea Bibi Kalunde, ajuza aliyekuwa akiwarudisha kwao watoto walioachwa. Bibi hakuita kikao. Alishika fimbo, ko! ko! ko!, wakavuka mto wote wawili, bila kutuma taarifa.

Nyumba ya Mihambo ilikuwa mpya, imefagiliwa. Ndani kitanda kimoja, cha mtu mzima. Nyuma ya mlango, jembe jipya, mpini umekatwa mfupi.

"La nani hili, baba?"

Mihambo akatazama chini. "La Shija, bibi."

"Na kitanda chake kiko wapi?"

Nyamizi moyoni: nilijua mimi.

"Umeanza na jembe," Bibi akasema. "Anza upya."

Nyamizi akarudi akijua ameshinda. Mwezi ulipoandama, Mihambo akaja kuwaita. Wakakuta kitanda kidogo kipo, kamba zimekazwa. Bibi akakilalia mwenyewe, kamba zikalia kwi! kwi!, akasema mtoto aende, jembe atakaa nalo yeye Bibi.

"Si atatafuta lingine?" Nyamizi akauliza.

"Basi uwe unakwenda kukagua."

Msimu wa kulima ulipofika, akaenda. Hakuaga mtu. Mihambo alikuwa shambani peke yake, jasho linamtiririka. Shija yuko uani, mdomo umejaa kiazi. Nyamizi akamshika viganja, akavigeuza, akavipapasa. Laini. Akavipapasa tena.

"Unatafuta nini, mama?"

"Naangalia kama umenawa."

Ndani ya nyumba mtu akacheka. Alikuwa Bibi Kalunde, katangulia kukagua.

Basi, jamani, anayekuja kudai mtoto msimuulize anampenda kiasi gani. Nendeni mkaone amemwandalia nini, kisha mrudi tena mkaone. Hadithi yangu imekomea hapo, uani kwa Mihambo. Anayebisha avuke mto.