Kwa Nini Chachu Haifichwi

Nyinyi mnaokimbilia dukani kununua hamira ya pakiti, hebu tulieni niwaambie. Zamani, ah, siku zile nazitamani mno, pombe ilikuwa na ukoo. Mwanamke akimaliza kuchuja, ule utope mzito wa pombe uliobaki chini mtungini aliuanika kivulini, akautia kwenye kibuyu, akakitundika juu ya meko. Akipika tena huulowanisha na kuumimina mtungini, na pombe huanza kuumuka. Hiyo ndiyo chachu. Ila ilifichwa jamani! Kila mmoja na yake, hata dada hampi dada.

Mwenye chachu bora alikuwa Milembe. Aliachiwa na mama yake, naye mama huyo aliachiwa na mama yake. Jirani yake, Nkwimba, aliomba konzi moja tu, akanyimwa. Basi siku moja wanawake walipoitwa kwa Milembe kusaidia kuchuja, Nkwimba akachota kidogo na kuifunga kwenye upindo wa nguo. Milembe alipojua alimwita mwizi mbele za watu, wakawa hawapeani hata moto.

Baadaye mume wa Milembe akafariki. Kwa desturi yao, matanga hayaondolewi bila pombe iliyopikwa na mjane mwenyewe. Asipoipika, marehemu hajaagwa, na mjane havui nguo za msiba. Mle nyumbani alikuwamo Holo, mke wa mwanawe, bibi harusi mbichi na mchapakazi kwelikweli. Maskini, alitaka kumfurahisha mama mkwe. Akausugua mtungi kwa majivu mpaka ukang'aa. Akaona kibuyu cha juu ya meko kimegandwa na ukoko unaonuka, akakisugua nacho.

"Holo!" Milembe alipiga kelele. "Umemwaga mama yangu!"

Uji wa mtama ukakaa mtungini kimya, bila povu. Wageni walikuwa njiani tayari. Holo akaanza kufunga mzigo arudi kwao, machozi yakimtiririka.

"Weka mzigo chini, mwanangu," Milembe akamwambia. "Kosa ni langu. Nilikuficha hata wewe."

Kisha akavuka ua mpaka kwa Nkwimba. Alisimama mlangoni. Akasema, "Nimekuja kwa mwizi wangu."

Nkwimba alicheka mpaka akashika kiuno. "Na nisingekuibia, leo ungekwenda kwa nani?"

Akamjazia konzi mbili. Kulipopambazuka, povu lilikuwa limefika mdomoni mwa mtungi. Milembe alionja, akakaa chini akalia, maana ilikuwa ladha ileile ya pombe ya mama yake. Mumewe akaagwa kwa heshima, na kata ya kwanza ya pombe akapewa Nkwimba.

Na tangu siku hiyo, kwetu mwanamke akichuja pombe humpelekea jirani konzi ya chachu kabla hata hajaonja, na huanza na yule asiyesalimiana naye. Mimi na mama Kwandu hapo ng'ambo hatujasemezana tangu mbuzi wake walipokula mihogo yangu. Simpendi, wala sifichi. Lakini chachu ya mama yangu iko kwake, na siku nitakapokufa, nendeni mkamwombe.