Sahihi ya Wangare

Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Maana yake ni kwamba anayeahirisha jambo lililo karibu na mkono wake huishia kuvuna maumivu. Methali hii sote tunaijua. Tunaikariri vizuri sana, kisha tunaahidi kuifuata kuanzia Jumatatu.

Kipngeno alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja karibu na Njoro, kijana mwenye bidii ya mchwa na jicho lililoona koma iliyopotea kama mwewe aonavyo kifaranga. Utafiti wake ulihusu mnyauko, ugonjwa unaolaza mashina ya viazi kabla havijakomaa. Kwa misimu miwili alipanda na kushuka vilima vya Dundori, na huko ndiko alikokutana na Wangare, ajuza wa miaka sabini na sita. Wangare aliacha shule darasa la tatu, lakini shamba lake alilisoma hadi akalimaliza. Ni yeye aliyemwonyesha kijana kwamba kipande kilichotangulia kupandwa vitunguu, viazi vyake havikunyauka sana. Alikuwa ameliangalia jambo hilo kwa misimu kumi na minne. Bila neno lake, utafiti wa Kipngeno ungekuwa gunia tupu, na gunia tupu halisimami.

"Mimi sitaki kitu," Wangare alimwambia siku ya mwisho, akimenya viazi. "Lakini kwa hiyo kitabu yenu uandike Wangare wa Muiruri, Dundori. Watu wamekuja hapa na kalamu, wakaenda. Jina langu iko kwa kitambulisho na kwa kadi ya maziwa tu. Nataka wajukuu wasome mahali pengine."

"Nitaandika, shosho. Nakuahidi."

"Na ni Wangare. Usiniandike Wangari, huyo ni mtu mwingine na ana mdomo."

Miezi michache baadaye, mhariri wa jarida la kisayansi aliurudisha mswada wa Kipngeno. Alisema kazi ni nzuri, ila mambo mawili yarekebishwe katika siku thelathini. Kwanza, marejeleo yote sitini na mawili yaandikwe upya kwa mtindo wa jarida: jina la ukoo, koma, herufi ya kwanza, nukta, kisha mwaka ndani ya mabano. Pili, maneno ya Wangare hayakuwa yamechapishwa popote, kwa hiyo jina lake lingebaki tu iwapo angetia sahihi barua ya kukubali kutajwa. Bila barua hiyo, jina liondolewe kila mahali.

Kipngeno aliichapa barua siku iyo hiyo, akampigia Wangare simu kumwambia angeileta wiki ijayo, akaikunja vizuri, akaitia kwenye droo. Rafiki yake Jerop, mkutubi wa chuo asiyejua kumung'unya maneno, alimwona.

"Nenda Dundori kesho," Jerop alimwambia. "Hiyo ni safari ya asubuhi moja."

"Nimalize marejeleo kwanza. Barua ni dakika mbili tu."

"Kip, koma hazizeeki. Shosho wa watu ana miaka sabini na sita."

"Kwani unataka nitume orodha ya aibu?"

"Sawa, daktari wa nukta. Mimi nimesema."

Basi Kipngeno akajitosa katika marejeleo kama bata majini. Programu ya kompyuta aliyoitegemea ikamchezea shere. Ripoti ya Kaunti ya Nakuru iliigeuza ikawa "Nakuru, K.", kana kwamba Nakuru ni mtoto wa mtu. Jerop alicheka hadi akashika meza, akauliza huyo Bwana Nakuru anaoa lini. Kipngeno hakucheka. Alimshughulikia Bwana Nakuru kwa siku mbili, kisha akahamia kwenye majina ya majarida, ambayo yalitakiwa kuandikwa kwa herufi za mlazo. Akayalaza moja moja, kama mama mwenye watoto sitini na wawili.

Siku ya kumi na moja, Wangare alipiga simu.

"Daktari wangu, ile karatasi iko wapi? Njoki, bibi ya kijana yangu, amenifanyisha mazoezi ya sahihi. Mkono sasa umeshika."

"Wiki ijayo, shosho."

"Wiki ijayo ni gani? Hata hii ilikuwa wiki ijayo."

Wakacheka wote wawili, na simu ikakatika.

Siku ya ishirini na nne orodha ilikamilika, imenyooka kama mistari ya viazi iliyopigwa kamba. Asubuhi iliyofuata Kipngeno aliichukua barua, akapanda gari hadi Dundori, moyo wake mwepesi kama unyoya. Njoki alimpokea langoni. Hakumkaribisha chai.

"Alipigwa na stroki Jumatano ya wiki jana," alisema. "Tumetoka naye hospitali juzi. Haongei. Mkono wa kulia umekufa."

Wangare alikuwa ameketishwa kwenye kiti, mito ikimshika pande zote mbili. Alimtazama Kipngeno kama mtu anavyotazama mvua kupitia dirisha.

"Tumia kidole," Njoki alinong'ona. "Hata kwa maziwa wanakubali kidole."

Kipngeno alivunja kalamu, akapaka wino kwenye kidole gumba cha ajuza, akakisogeza hadi karibu na karatasi.

"Shosho, unakubali jina lako liandikwe?"

Akauliza tena, polepole. Macho ya Wangare yalihamia ukutani. Barua ilisema, kwa maneno ambayo Kipngeno mwenyewe aliyatunga: nimesomewa, nimeelewa, nimekubali. Kidole kilikuwa kizito na baridi kama kiazi kilichotoka udongoni. Akakipangusa kwa leso yake, akakirudisha mapajani.

"Mbona?" Njoki aliuliza.

"Hii haitakuwa sahihi yake. Itakuwa yangu."

Alimwandikia mhariri kuuliza kama Njoki angeweza kutia sahihi badala yake. Jibu lilikuwa la adabu na fupi: mwenye maneno peke yake, na siku haziongezwi. Siku ya thelathini, Kipngeno alilifuta jina.

Makala ilichapishwa baada ya miezi minne. Aliipeleka Dundori mwenyewe, kwa kuwa kujificha kungekuwa kosa la pili. Kufikia wakati huo Wangare alikuwa ameanza kuelewa maneno tena, ingawa ulimi wake bado ulikuwa umefungwa. Njoki aliketi kando yake, akafungua ukurasa wa marejeleo, akaanza kushuka kwa kidole, jina baada ya jina, hadi chini.

"Yamepangwa vizuri," alisema. "La mama umeliweka wapi?"

Kipngeno alimfungulia ukurasa wa tatu, akamwonyesha mstari. Njoki alikisoma Kiingereza kile kimoyomoyo, kisha akamfasiria mama mkwe wake kwa Kiswahili.

"Mkulima mmoja wa nyanda za juu alieleza kwamba..."

Akarudia kusoma, labda ameruka neno. Wangare aliinua mkono wa kushoto, akaugusa mstari ule, halafu akamtazama Kipngeno, akisubiri aonyeshwe jina lake liko wapi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi matumbo yenyewe si ya yule aliyesema ngoja.